Barabara ya Katikati

"...na ya tatu ndiyo hiyo ya katikati, lakini hiyo wala tusijisumbue nayo, mama, ni ngano tupu siku mbili nzima, mlima hakuna, ziwa hakuna, wanaoipita ni wenye malori tu," ilisema sauti ya binti yake kutoka kwenye simu iliyolazwa juu ya turubai, na Mama Mkasi akaitikia mm, mkono mmoja umeshika chaki na mwingine umekandamiza rula ndefu ya mbao, maana turubai la lori lina mita kumi na mbili, mstari ukipinda unene wa kucha hapa, kule mwisho umepotea shibiri nzima, mm, nakusikia mwanangu, endelea, na chaki ikateleza juu ya kijani ikaacha mstari mweupe usio na doa, ngano tupu... mji wetu huku ukipiga chafya umeshaupita, Sindano, hivyo ndivyo dada yake mkubwa alivyomwandikia kutoka huko, barua ya kwanza ile, au ya pili, maghala manne ya nafaka, shule moja, duka la mikate, na upepo usio na adabu unaoingia ndani bila hodi, na yeye aliisoma barua amesimama mlangoni, akaenda akamsomea mama yao kitandani, mama akacheka mpaka akakohoa, akasema huyo mwanangu hata akizikwa atachekesha wachimba kaburi, loo, na nani siku hizi anamwita Sindano, hakuna, hapa karakana ni Mama Mkasi, miaka ishirini na saba anakata maturubai na mahema, kwa wajukuu ni Bibi, kwa huyu wa kwenye simu ni Mama, jina lile la Sindano liliondoka na dada aliyempa.

"Chagua basi, safari ni yako, mimi dereva tu," binti akasema, kitinda mimba wake huyo, muuguzi, mwaka wa sita sasa katika nchi ile kubwa ambayo watoto wa huku huichora kwenye daftari na ikakataa kuenea, amepata likizo, ametuma tiketi, amesema mama umefunika mizigo ya malori ya dunia nzima na wewe mwenyewe hujaenda popote, njoo tukodi gari tuivuke nchi hii kutoka bahari ya huku mpaka bahari ya kule, siku kumi na sita, wewe unakaa mbele, unafungua dirisha, unanyoosha miguu, ukichoka tunalala, ukiona kitu kizuri tunasimama, na jibu linatakiwa leo, sasa hivi, kwa sababu mwenzake wa zamu ana ndugu anayekodisha magari na kupanga nyumba za kulala njiani, na huyo ndugu yuko kwenye simu nyingine anangoja, na mapumziko ya zamu yanaisha, dakika kumi zimebaki, alisema kumi, sasa labda tisa. "Baharini!" akapaza sauti Kasuku kutoka kwenye cherehani ya kwanza, mguu bado kwenye kanyagio, kipande cha hema kimemjaa mapajani kama mtoto aliyelala, "mwambie mpite kando ya bahari, mimi ningepita kando ya bahari!" Na Mama Mkasi, "We Kasuku, nani kakualika?" na Kasuku, "Sijaalikwa, natoa ushauri wa bure, wa kulipia utauweza?" na binti akacheka huko aliko, "Shikamoo mama mdogo!" na Kasuku, "Marahaba mwanangu, mlete mama yako aone dunia, huku anatukata hata sisi," na cherehani ikanguruma tena, sindano nene ikipenya tabaka nne za turubai, dugu dugu dugu, na katika ngurumo ile mtu anaweza kufikiri bila kuonekana anafikiri, hicho ndicho alichokipenda siku zote katika kazi hii, kelele zake zinafunika.

Kaskazini basi, akajiambia, kaskazini ina milima yenye theluji na maziwa arobaini, binti ameyahesabu, na nyumba za mbao za kulala watu, unafungua dirisha asubuhi unaona ukungu umekaa juu ya maji, kizuri gani tena mtu atake, au kusini, jangwa jekundu na mabonde yaliyochimbwa na mto mmoja mpaka chini kabisa, na mwishoni ile barabara ya kando ya bahari ya Kasuku, vyote vizuri, tena vyote viwili viko mbali na katikati, mbali sana, sema kaskazini, ulimi uko tayari, kas... leo tunakwenda wapi, Sindano? hilo lilikuwa swali la dada kila siku utotoni, mchana, saa ile ya jua kali ambapo mama yao aliwafungia chumbani walale na wao hawalali, godoro moja, vichwa viwili, na dari iliyovuja mvua ikaachwa na madoa ya kahawia yenye kingo kama ramani, na nyufa zinatoka doa hili zinakwenda doa lile, hizo barabara, dada amenyoosha kidole juu hewani, leo tunakwenda wapi, na yeye alikuwa na miaka sita, dada kumi, yeye anasema pale, na dada anasema pale pana baridi, umebeba sweta? nimebeba, haya panda, honi unapiga wewe, na wanaondoka, wanapita ufa mpaka unapokatika, na ufa ukikatika dada husema daraja limebebwa na maji, tulale hapa, kesho watalitengeneza, halafu usingizi unawachukua wote wawili barabarani... hawakufika hata siku moja, kila mara daraja limebebwa, na hakuna safari aliyoipenda zaidi ya hizo mpaka leo, mwanamke wa miaka sitini na viatu vya kazi miguuni, aibu gani hii. Halafu dada akaondoka kweli, na miaka ishirini na mitatu, alichukuliwa na familia moja kwenda nchi ile ile kubwa kuwalelea watoto, sanduku dogo, koti la kuazima, na hakulia kituoni, aliyelia ni Sindano, dada akamwambia wewe baki na mama mimi nitatangulia kutazama kama daraja limetengenezwa, na watoto wale wakakua, dada akaolewa na fundi wa mashine za kuvunia, mjane, mtu wa maneno machache mwenye mikono kama koleo, ndiyo wakahamia huko kwenye ngano, na barua zikaja kila mwezi, mama anaendeleaje, mgongo wake je, Sindano usimwinue peke yako utaumia, akizidiwa nipigie, saa yoyote ile, mchana au alfajiri, nitaacha hata chungu motoni nije, namba hii hapa.

"Mama? Umeganda?" "Nipo, nafikiri." "Mimi nakuchagulia kaskazini," binti akasema, na nyuma yake ilisikika milango ikifunguka na kufungwa, mtu akimwita, naye akamjibu huyo mtu kwa lugha ya huko, upesi upesi, kisha akarudi, "kaskazini ndiyo nzuri zaidi, kusini kuna joto, na hiyo ya katikati hata ingekuwa ya dhahabu mimi siipiti, si ndiko anakokaa yule mama mkubwa? Yule mwenye roho ya jiwe? Nisije nikakutana naye kwenye kituo cha mafuta nikamwambia maneno ya ajabu." Na akacheka, alisema kwa wepesi tu, kama mtu anayesema mvua itanyesha, na Mama Mkasi akaona chaki imekatika vipande viwili mkononi, hakuisikia ilipokatika, roho ya jiwe, maneno hayo hakuyatunga mtoto, mtoto hatungi, mtoto anaokota, aliyaokota sebuleni kwao siku ya arobaini ya bibi yake akiwa na miaka kumi na mmoja, amebeba sinia la vikombe, shangazi mmoja anauliza na dada yako mkubwa mbona hakuja kuzika, na yeye, yeye Sindano, yeye mwenye kufiwa ambaye siku ile hakuna ambaye angemtilia shaka, akajibu, nilimpigia, akasema hana nafasi. Maneno machache hayo. Hana nafasi. Na sebule nzima ikafanya lo! na mtu akasema dunia imekwisha, na mwingine akasema ana roho ya jiwe huyo, na sinia la vikombe likapita.

Miaka kumi na tisa analibeba lile neno na hajawahi kulitazama usoni, amelitazama ubavuni tu, kama mtu anayepita nyumba ya aliyegombana naye, kwa sababu lilikuwa na sababu zake, lilikuwa na sababu, nani alimwosha mama miaka mitatu, nani alimgeuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usitoke vidonda, nani aliyeacha hema la watu mezani, mkasi umo ndani ya kitambaa, akakimbia nyumbani kwa sababu jirani amekuja kusema mama ameanguka, ni yeye, na dada alituma barua na dawa za kupaka, barua na soksi za sufu, na mama alizibusu zile soksi, alizilalia... na wiki ya mwisho ile mama alipoanza kuchanganya siku na watu, anamlisha uji kwa kijiko, anampangusa kidevu, na mama anamtazama kwa macho yenye mapenzi ambayo hajawahi kuyaona, macho ya kumeremeta, anasema umekuja? nilijua utakuja, na anamwita kwa jina la dada. Si mara moja. Siku nne, kila kijiko, jina la dada, na yeye aliitika, afanyeje, aliitika bee, akawa dada yake siku nne kwenye macho ya mama yake, na Sindano hakuulizwa na mtu, Sindano hayupo, ameenda wapi Sindano, kazini labda, na mama alikata roho Jumanne saa tatu asubuhi akiwa amemshika mkono binti aliyekuwa ng'ambo. Basi. Namba ilikuwa kwenye karatasi, karatasi ilikuwa kwenye mkoba, simu ya kulipia ilikuwa pale kona ya posta, akapita Jumanne, akapita Jumatano asubuhi, Jumatano jioni akaingia mpaka ndani ya kibanda, akainua mkono wa simu, akausikia ule mlio unaongoja, akaurudisha taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, akajiambia maziko haya ni yangu, yeye alichukua yote, haya ni yangu, na mama akazikwa Alhamisi, na Jumamosi, mambo yote yamekwisha, viti vimerudishwa, ndipo akapiga, akasema dada, mama ametutoka, na dada akasema ninakuja, ninakuja sasa hivi, msizike mpaka nifike, na yeye akasema tumeshazika. Alhamisi. Halafu ikasikika kwa mbali, kuvuka maji, sauti ya yule mume wa maneno machache akiuliza kitu.

Cherehani ilikuwa inanguruma, binti alikuwa anasema kitu kuhusu sweta, kule kaskazini mama utahitaji sweta zito, nitakununulia huku, na yeye akasema mm, na akili imeganda kwenye ile barua iliyofuata, wiki tatu baadaye, aliyoifungua akiwa amekaza meno, amejiandaa kwa matusi, ana majibu yake tayari, amepanga moja moja, wewe ulikuwa wapi, wewe unajua uzito wa mtu asiyejiinua? na barua ilikuwa na mistari mitano, haikuwa na tusi hata moja, ilikuwa na swali. Sindano, mama alivaa nini? Hilo tu. Nataka niweze kumwona, mimi sikumwona, niambie alivaa nini na nywele mlimsukaje. Na angejibu kwa mwandiko wa dakika mbili, alijua kila kitu, gauni la rangi ya samawati lenye vifungo vya mbele, kwa sababu mikono yake ilikuwa haikunjuki vizuri, nywele mistari minne ya kurudi nyuma, alimsuka mwenyewe, na miguuni, miguuni ndiyo, alimvisha zile soksi za sufu, kwa sababu mama alizipenda, kwa sababu ingawa alikuwa na hasira ya kuvunja chungu hakuweza kumpeleka bila soksi za dada... na hakujibu. Aliikunja barua. Kila mwaka alisema mwaka huu, na kila mwaka uongo ule ulikuwa umeota mizizi zaidi, shangazi wameuzoea, watoto wamekulia humo, utauanzia wapi kuung'oa, ikaja picha moja baadaye, nyumba nyeupe, ua wa mbao, nyuma ya picha mstari mmoja tu wa anwani, nyumba namba kumi na nne, barabara ya reli, bila neno, bila salamu, anwani tupu, kama mtu anayeacha mlango wazi bila kusema karibu, na baada ya hapo hakuna tena. Dada ana miaka sitini na minne sasa. Kama yupo. Hilo nalo hajawahi kulisema hata kimoyomoyo, kama yupo, akalisema, likamchoma mahali ambapo hakujua pana nyama hai.

Na akaona, mkono juu ya mstari wa chaki, kwamba hataki maziwa arobaini. Si kwamba ni mabaya. Angeyatazama kwa adabu, angesema zuri hili, mwanangu, piga picha, na kila kilomita angekuwa anajua ngano iko upande gani, angelala kwenye nyumba za mbao uso wake umegeukia kusini, na kama wangepita kusini angelala umegeukia kaskazini, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Anataka ile barabara isiyo na kitu. Anataka kukaa mbele na kutazama siku mbili kitu kimoja tu kinachoyumba, mpaka yatokee maghala manne, na upepo ule usio na adabu umpige usoni aujue, anataka jikoni kwa mtu fulani, kiti cha jikoni, mikono juu ya meza, mikono ya mtu ambayo siku hizi itakuwa na mishipa kama ya mama, na aulizwe hata kwa ukali, umefuata nini, ili apate kusema samawati, vifungo mbele, mistari minne, soksi zako, dada, nilimvisha soksi zako, na alikuita wewe, siku nne alikuita wewe, mimi nilikuitikia... alikuita, hilo pia nilikuibia, lilikuwa lako, nimekaa nalo miaka kumi na tisa, nikidhani ni kidonda changu kumbe ni salamu zako. Salamu za watu. Amekaa na salamu za watu! Na akashangaa jinsi jambo lile lilivyogeuka mkononi mwake, bila kuvutwa, kama kitambaa unachokikata upande wa nyuma siku nzima na ghafla unaona upande wa mbele, mama hakumsahau Sindano, mama alikuwa anamwona mwanawe aliye mbali kwa sababu aliye karibu alikuwa karibu, hana haja ya kumwita, nani humwita mtu aliyeshika kijiko?

"Mama, wananiita, dakika mbili," binti akasema, "niseme kaskazini?" "Usiseme." "Kusini?" "Ya katikati." Kikaja kicheko kidogo cha mtu asiye na hakika, "Ya katikati? Mama, nimekwambia kule hakuna kitu." "Kuna nyumba namba kumi na nne, barabara ya reli," akasema, na anwani ikatoka nzima, haina hata vumbi, "ni kwa mama yako mkubwa. Sijui kama bado anakaa hapo. Sijui kama atanifungulia." "Yule? Yule aliyekataa kuja kumzika bibi? Mama, wewe ndiye uliye..." "Hakukataa," akasema Mama Mkasi, lakini akalisema chini, kifuani zaidi kuliko mdomoni, na cherehani ya Kasuku ilikuwa imefika kwenye pindo nene la kona, pale inapopiga kelele kuliko kote, dugu dugu dugu, na binti akasema, "Nini? Sikusikii, kuna kelele huko, umesema hakufanya nini?" na angeweza kusema si kitu, mwanangu, kaskazini basi, jibu lilikuwa pale pale, limelala mezani pamoja na vipande vya chaki, dakika moja na nusu, milango ya huko inafunguka na kufungwa, na hapo hapo Kasuku akakata uzi, akaondoa mguu kwenye kanyagio, na karakana nzima ikanyamaza kama iliyoambiwa, watu saba, vichwa vimeinama kwenye kazi, masikio yamesimama, na mwanamke aliyewakatia maturubai miaka ishirini na saba akaiinamia simu, akaweka viganja vyote viwili juu ya turubai, na akalirudia, safari hii kwa sauti ya kumfikia hata aliyekaa mlangoni.

"Nimesema hakukataa kuja. Mimi ndiye sikumwita."